Siku ya Kabula

Mama hakuijua tarehe yake.
Aliijua mvua: ile iliyomkuta bibi njiani, Igombe,
akajifungulia kwenye ubavu wa jiwe
lenye umbo la ng'ombe aliyelala.
Wakamwita Kabula, basi,
kama unavyokiita kitu kwa kilichokileta.

Padre akamwongezea jina kwa maji mengine,
Monika. Karani akamwongezea tarehe mosi Januari,
siku waliyozaliwa nusu ya watu wa mtaa wetu.

Miaka kumi na mmoja alifua mashuka ya masista, Bwiru,
kwenye karo la saruji linalotazama ziwa.
Sista Jadwiga alikuwa mpishi,
mikono minene, Kiswahili kinachokanyaga ngeli zote:
"Kabula, mtoto yako inalia."
Mtoto huyo ni mimi.

Kila katikati ya Oktoba alioka keki,
akaacha wazi mlango wa jiko, akaketi.
Umealika nani? Mama akamuuliza.
Hakuna. Kwetu siku ya jina haina mwaliko.
Anayelijua jina lako anakuja.
Umri ni wa Mungu na daktari, alisema,
jina ndilo la watu.

Na ukutani kalenda ya kwao, iliyokuja kwa meli,
kila siku na majina mawili matatu
kama makoti kwenye msumari.
Mama akafuta povu kwa kanga.
Na Kabula yuko wapi?

Wakatafuta. Nakikumbuka kidole cha Sista,
cheupe kwa unga, kikishuka miezi
namna ambayo baadaye niliona watu wakitafuta majina
kwenye karatasi iliyobandikwa bandarini,
lakini hiyo ni habari nyingine.

Monika alikuwepo, Agosti. Ila Monika
aliitwa na padre peke yake.
Kabula hakuwepo.
Wala Nyamizi, wala Shija, wala Holo.

Jadwiga akachukua penseli ya kuandikia hesabu ya mayai,
akaisimamisha juu ya Novemba.
Tarehe gani?
Mama akacheka, akaonyesha dirisha,
kule Ukerewe wingu lilikokuwa limejikunja.
"Ikinyesha."

Akaandika pembeni, nje ya miraba yote:
Kabula, ikinyesha.

Tangu hapo vuli ikigonga bati mara ya kwanza
mama aliteleka chai ya tangawizi na sufuria ya michembe,
akaacha mlango wazi, maji yakiingia.
Walikuja wameloa, kanga kichwani,
wengine wakikimbiza kumbikumbi njiani.
Mwaka mmoja ilikuwa Septemba.
Mwaka mwingine Desemba, tumeshakata tamaa.
Kuna mwaka majirani walibishana hadi usiku
kama manyunyu nayo yanahesabika.
"Manyunyu si siku ya mtu," mama alikata shauri,
na michembe ikarudi kapuni.

Jadwiga alirudishwa kwao na mguu mbovu.
Barua yake ya mwisho ilikuwa mistari miwili:
*Kabula, huku inanyesha kila siku.
Nimenenepa kwa ajili yako.*

Mama tulimzika kiangazi.
Udongo ulikuwa mgumu, sururu ikatoa cheche.

Jana nilikuwa dukani, Makoroboi,
nikimpimia mteja tairi la baiskeli.
Tone likaanguka. Likafuata jingine,
kisha bati lote likaanza kusema kwa pamoja.
Nikavuta mlango wa chuma nusu.

"Unafunga? Hii itapita sasa hivi."
Nikamwambia nina siku ya mtu.
"Nani?"

Maji yalikuwa yakishuka mlimani yakibeba makopo,
watu wamejibana barazani, mtu hasikii mtu.
Ikabidi nipaze sauti.
Nikamtajia jina.

Sasa analijua.